Kuvuka Kabla ya Kuvuka

Maji yalipomfika vifundoni, Rawda alisimama. Mumewe, Athmani, alikuwa ameshatangulia hadi kwenye boti, maji yakimfika kiunoni, kichwani amebeba mfuko wa nguo na jamvi. Ndani ya boti abiria wengine walikuwa wameshakaa, wanawake kwa wanaume, wakisubiri. Asubuhi ilikuwa nyeupe, bahari imelala, na upepo hata wa kuzima kibiriti haukuwepo. Hapakuwa na kitu cha kuogopa. Kila aliyekuwa pwani ya kisiwa cha Chovai asubuhi ile angeapa hivyo.

"Twende basi," Athmani akaita.

Rawda alitaka kwenda. Roho ilikwenda, miguu ndiyo iliyokataa. Kiwimbi kidogo kikampanda hadi kwenye muundi, na pumzi ikamkwama kifuani. Tumbo lake, lenye mimba iliyokaribia kutimia, likakaza kama ngozi ya ngoma. Akasikia mtu analia kwa sauti ya juu, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yeye mwenyewe.

Shuaibu, mwenye boti, aliacha kamba ya injini aliyokuwa ameishika. "Athmani, mkeo ana nini?"

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma, karibu na tezi, akamtangulia Athmani kujibu, kwa lahaja ya kisiwani ambamo mtu ni mchu. "Ana hofu tangu mwaka ule. Mchu kama huyo usimpakie, Shuaibu. Akiinuka kule mlangoni, sote twenda."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. Mlango ni ule mwanya katika miamba ambao vyombo hupitia kutoka bahari ya ndani kwenda bahari kuu, na maji yake hayajawahi kuwa na adabu. Mwaka ule Rawda alikuwa akirudi kutoka hospitali ya Kismayo, amejifungua kwa kupasuliwa, binti yake Safiyya amemfunga kifuani kwa kanga. Wimbi liliipiga boti ubavuni. Lingepita, kama yalivyopita mengine mengi, lakini watu walisimama wote kwa pamoja na boti ikapinduka. Rawda na mtoto waliopolewa. Dada yake, Ibtisam, aliokotwa siku ya pili upande wa kisiwa cha Ngumi. Tangu hapo Rawda hakukanyaga bahari, hata maji yanapokupwa na wanawake wenzake wanaposhuka kutafuta pweza.

Athmani alirudi ufukoni, suruali ikichuruzika. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Rawda, watu wanatazama."

"Nawaona."

"Sasa?"

"Siwezi."

Boti ikaondoka. Mfuko ulirudishwa ufukoni ukiwa umelowa nusu. Wakapanda mtaani, mume mbele, mke nyuma, na kila mlango waliopita kulikuwa na mtu wa kuuliza, "Mmerudi?" Athmani aliitikia kila mara, "Tumerudi," kama kwamba walikwenda dukani.

Nyumbani mavyaa wa Rawda, bibi Mwanatumu, mama yake Athmani, alikuwa akimlisha Safiyya uji. Alimtazama mkaza mwanawe kuanzia pindo la buibui lililolowa hadi usoni, akaweka kijiko chini.

"Hakupanda?"

"Hakuweza, mama," Athmani akasema.

"Mimi nimezaa wanangu wote katika chumba hichi."

"Mama, yeye amepasuliwa."

"Najua amepasuliwa! Ndiyo nikasema achague anachokiogopa zaidi, maji au kaburi."

Rawda aliingia chumbani, akakaa juu ya kitanda, machozi yasimtoke. Lililomtesa si ukali wa maneno ya mavyaa. Ni ukweli wake. Mkunga Kulthumu wa hospitali ya Kismayo, aliyekuja kisiwani na watu wa chanjo, alimpapasa tumbo, akamwambia wazi: kovu la kwanza linaweza kufumka uchungu ukiwa mkali, na likifumka hapa, mbali na chumba cha upasuaji, hakuna atakayemfaa. Aje Kismayo mapema, akae kwa jamaa, asubiri siku yake huko.

Naye Rawda alikuwa amejitayarisha. Hilo hakumwambia mtu. Katika simu ya Athmani kulikuwa na hotuba iliyotumwa na rafiki wa rafiki, ya bwana mmoja mwenye sauti nzuri ya kubembeleza. Alisema, fumba macho, jione umeshakipata unachokitaka, ionje furaha yake, na kitakuja. Rawda alifanya hivyo kila baada ya sala ya magharibi. Alijiona Kismayo, kitanda kina shuka safi, mtoto yuko titini, Athmani anacheka. Picha ilikuwa tamu kiasi kwamba alipofumbua macho alijihisi mwepesi, kama ameshavuka. Alishuka pwani asubuhi ile akiamini hofu imekwisha. Kumbe ilikuwa inamsubiri kwenye maji ya vifundoni.

Alasiri alikwenda nyuma ya msikiti, pale mtandao unaposhika, akampigia Kulthumu.

"Abaayo, dada yangu, sikupanda," akasema, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Kulthumu alimwacha alie. Kisha akamtaka aeleze alivyojitayarisha, na Rawda, kwa aibu, akaeleza habari za hotuba, kitanda na shuka.

"Na kwenye hicho kitanda ulifikaje?"

"Vipi nilifikaje?"

"Ulijiona ukipanda boti? Uliuona mlango?"

"Sikufika. Nilikuwapo tu."

"Basi miguu yako hukuionyesha njia. Uliionyesha kitanda peke yake."

"Nikiyaona maji, boti inapinduka."

"Kila mara?"

"Kila mara, Kulthumu. Hata sasa nikikwambia naiona."

Mkunga hakumwambia asiwe na wasiwasi. Alisema, "Nilipokuwa nasomea kazi hii kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, damu ilikuwa ikinitisha. Siku ya kwanza nilizimia, wakaacha kumshughulikia mzazi wakanishughulikia mimi. Mwalimu wetu akanifundisha niketi mahali penye utulivu, niifanye kazi yote kichwani tangu kunawa mikono. Si mama anavyoshukuru, si mtoto anavyolia. Kazi yenyewe. Na pale panaponitisha nisiparuke. Niamue kabla mikono yangu itafanya nini."

"Ukaacha kuogopa?"

"La. Lakini mikono ikawa na kazi."

Rawda aliegemea ukuta wa msikiti, simu ikimchoma sikio.

"Anza na mchanga tu," Kulthumu akaendelea. "Ukishindwa, rudi nyuma kidogo, vuta pumzi, uendelee. Kule mlangoni amua utakaa wapi, utashika nini, utasema nini. Bahari si kazi yako, ni ya Mungu na ya nahodha. Kazi yako wewe ni moja, usisimame."

*

Ilikuwa rahisi kusemwa. Siku ya pili, watu walipojilaza kwa joto la mchana, Rawda aliketi juu ya mkeka ukumbini, akafumba macho. Aliona mchanga. Aliuhisi hata ulivyo wa moto juu na wa baridi chini. Akaona maji, na jasho likaanza kumtoka kwapani. Akajilazimisha kuingia ndani ya boti. Injini ikanguruma, kisiwa kikarudi nyuma, na bila kumpa nafasi ya kushika chochote mlango ukafika, boti ikalala ubavu, chumvi ikamjaa mdomoni, na mkono wa Ibtisam ukamteleza tena.

Aliruka juu, akapiga teke birika la chai. Mwanatumu akatokea jikoni.

"Una nini wewe?"

Rawda angeweza kusema ameota. Lakini alikuwa amechoka kuficha, akaeleza yote, ya mkunga na ya mkeka, huku akiokota birika, akingojea kuchekwa. Bibi alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono imejaa unga.

"Ulikaa wapi?"

"Wapi, mama?"

"Katika hiyo boti yako. Ulikaa wapi?"

"Ubavuni. Pale pale tulipokaa mwaka ule."

"Ndiyo umepinduka." Mwanatumu alijifuta mikono, akashuka taratibu juu ya mkeka, magoti yakimlia. "Keti. Safari hii kaa chini, katikati, kwenye ubavu wa boti usiende. Fumba macho. Tumetoka. Mbele kuna nini?"

"Miamba."

"Miamba iko wapi na wewe ndiyo kwanza umetoka? Usiikimbilie. Kwanza kuna maji ya kijani, unaona chini nyasi zinalala upande mmoja. Unaziona?"

"Naziona."

"Haya. Sasa rangi inageuka. Hapo boti huanza kuinua pua, inua shusha, inua shusha. Si kwamba yazama. Ndiyo mwendo wake hapo, tangu nikiwa mtoto."

Mikono ya Rawda ikapapasa hewani.

"Watu wanasimama, mama. Wanasimama."

"Nani anasimama?"

"Ibtisam."

Sauti ya Mwanatumu ilikuwa ya mtu mwingine, laini. "Mwache. Yeye ameshakwenda, Mungu amrehemu, huwezi kumketisha. Wewe umeshika nini?"

"Ubao. Ubao wa katikati."

"Ushike. Sema umeushika."

"Nimeshika ubao. Nimeshika ubao."

Alipofumbua macho, mikono yake ilikuwa imeshika paja la mavyaa yake, na kucha zimeacha alama. Mwanatumu alizitazama, akavuta kanga kuzifunika, akarudi kwenye unga wake.

Tangu siku hiyo mchana ukawa wao. Bibi hakumbembeleza. Rawda aliporuka kipande cha safari alimrudisha nyuma kama mwalimu wa chuo cha Kurani anavyomrudisha mtoto kwenye aya. Siku nyingine boti ilipita mlangoni. Siku nyingine ilipinduka, na bibi akasema, "Haya, rudi ufukoni, tuanze." Maji yalipokupwa walishuka wote wawili hadi pwani, na Rawda akaingia hadi vifundoni, hadi magotini. Kuna siku aligeuka akakimbia, kanga ikamfunguka kichwani, na wasichana waliokuwa wakitafuta pweza wakacheka. Mwanatumu aliwauliza kama mama zao wanajua kwamba wana meno mengi namna hiyo.

Hofu haikupungua. Rawda alilitambua hilo na lilimtia hofu nyingine juu ya ile ya kwanza. Usiku alilala na mkono juu ya kovu, akisikiliza kama kuna kitu kinachofumka.

*

Uchungu ulimwanza kabla ya siku waliyopanga kusafiri. Ilikuwa adhuhuri, anaanika nguo. Maumivu yalimshika chini ya kitovu, kwenye kovu hasa, akaikamata kamba ya nguo hadi ikakatika.

Athmani alitoka mbio kutoka kwenye mashua aliyokuwa akiiunda, randa bado iko mkononi. Shuaibu walimkuta ufukoni, anaitazama bahari bila kuipenda. Upepo ulikuwa umeinuka, na kule mbali mlango ulionyesha weupe wa mapovu.

"Pamechafuka," akasema. "Ningekuwa na hiari ningengoja kesho."

"Hana kesho," Athmani akasema.

"Nasikia. Lakini siku ile mliporudi hapakuwa na hata wimbi, na..." Shuaibu alimtazama Rawda, kisha akatazama chini.

Rawda alikuwa ameinama, mikono kwenye magoti. Alingoja maumivu yapungue ili sauti yake iwe sauti. "Nitakaa chini, katikati. Nitashika ubao. Sitasimama."

"Na ukisimama?"

"Nifungeni."

"Simfungi mchu ndani ya boti yangu," Shuaibu akasema. "Panda."

Mwanatumu alibaki ufukoni, Safiyya mgongoni. Alimshika Rawda bega na kumsukuma kidogo kuelekea majini.

Katika picha yake, Rawda alikuwa akiyaona maji ya baridi. Ya kweli yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogea, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kumpotezea njia yote. Alisimama. Pumzi ikakwama pale pale ilipokwama mara ya kwanza. Mchanga, akajiambia. Rudi kwenye mchanga. Akausikia chini ya nyayo, mchanga ule ule, akainua mguu mmoja. Kisha mwingine. Athmani na Shuaibu wakamvuta ndani, akateleza hadi chini, katikati, akaukumbatia ubao.

Maji ya kijani yalikuja. Nyasi zililala upande mmoja. Boti ikaanza kuinua pua na kushusha, na Rawda akatapika mapajani mwake, lakini alijua mahali alipo. Kila kitu kilichomtisha kilikuja kwa zamu yake, wala hapana kilichokuwa kigeni, mpaka walipoingia mlangoni.

Hapo uchungu na wimbi vilimfikia pamoja. Hilo hakuwahi kuliona juu ya mkeka, wala bibi hakulitaja. Maumivu yalimwamuru ainuke. Haikuwa hofu. Mwili wenyewe ulitaka kusimama, kama mtu aliyekalia kaa la moto. Injini ikakohoa. Ukuta wa maji ukasimama ubavuni, wa kijani kibichi, unapitisha jua. "Nimeshika ubao!" akapiga kelele. "Nimeshika ubao! Nimeshika ubao!" Matako yaliinuka, akayarudisha. Yakainuka tena, akajigandamiza hadi kidevu kikagonga mbao na damu ikamjaa mdomoni.

Akainua macho, akamwona Athmani amesimama.

Amesimama kabisa, macho yamemtoka, mikono imenyooshwa kumfikia mkewe, na boti ilikuwa imeanza kumfuata, inalala.

"Kaa!" Rawda akamwambia. Haikuwa sauti ambayo mke wa Chovai humtolea mumewe mbele ya mtu. "Athmani, kaa chini!"

Athmani akaanguka kama gunia. Wimbi likapita chini yao, likawainua juu sana, likawaweka upande wa pili. Injini ikashika. Shuaibu alikuwa akisoma kwa sauti kila sura aliyoikumbuka, na hakuacha hadi nyumba za Kismayo zilipoonekana.

*

Kismayo ilikuwa bajaji iliyorukaruka kwenye mashimo, na kizuizi ambapo askari mmoja aliuliza kwa Kisomali wanatoka wapi na wanakwenda wapi, akachungulia ndani, akaona damu kwenye kidevu cha mwanamke, akainua mti wa kizuizi bila kungoja jibu. Kulthumu aliwapokea kwenye baraza ya hospitali. Alipolipapasa tumbo uso wake haukubadilika, lakini mikono iliongeza kasi.

"Sasa hivi," akawaambia wenzake. "Mpelekeni ndani sasa hivi."

Rawda alimkamata mkono. Alivuka bahari, na sasa mlango wa mbao uliopakwa rangi nyeupe ulimtia woga ule ule. "Humo sikuingia kichwani. Mwaka ule nilikuwa nimepoteza fahamu. Sijui kukoje."

"Kuna taa kubwa juu," Kulthumu akasema huku akitembea kando ya kitanda cha magurudumu. "Kuna baridi, utatetemeka, ni baridi tu. Watakuchoma sindano mgongoni, uinamishe kichwa, ushike mikono yangu. Baada ya hapo miguu itakuwa kama si yako. Utasikia unavutwa. Kuvutwa, si kuumizwa. Ukisikia kuvutwa ujue wanamtoa."

Rawda alifumba macho, akaenda mbele yao kwa hatua chache tu, hadi kwenye taa.

Mtoto alitoka kimya. Ukimya huo ulidumu, ukadumu, na nyuma ya pazia la kitambaa watu waliacha kuzungumza. Hilo pia hakuwa amelipangia kitu cha kushika. Alishika mikono ya Kulthumu. Kisha kikatoka kilio kidogo cha hasira, na Kulthumu akasema, "Mwanamume," akageuka upande ili asionekane uso.

Daktari alimweleza Athmani barazani kwamba kovu lilikuwa limebaki jembamba kama ngozi ya kitunguu, na kwamba kama wangengoja kesho, kesho hiyo asingependa kuizungumzia.

Asubuhi Athmani aliingia wodini na chupa ya chai, akakaa kwenye kiti, akasimama, akakaa tena. Rawda alikuwa amelala chali, mtoto yuko kwapani mwake. Simu ya nyumbani ilikuwa imeshapigwa, na Mwanatumu, aliyekwenda mwenyewe nyuma ya msikiti kungojea habari, alikuwa ameuliza jambo moja tu, kama Rawda alikaa katikati.

"Rawda."

"Labeka."

"Kule mlangoni ni mimi niliyesimama."

"Uliinuka kidogo."

"Nilisimama. Usinifiche aibu yangu. Nimezaliwa baharini, naunda vyombo, na nilisimama." Aliitazama mikono yake. "Wala sikukaa kwa kukutii. Miguu iliniishia. Tangu jana nikifumba macho naliona wimbi lile. Sijui nitarudije Chovai, na sina wa kumwambia ila wewe."

Rawda alitaka kucheka, mshono ukamkataza. Alimtazama mumewe, mtu mzima huyu aliyekuwa akiitikia "Tumerudi" kwenye kila mlango.

"Siku ya kurudi utakaa chini, katikati," akasema. "Mimi nitakuwa mbele yako."

"Na mtoto?"

"Utambeba wewe. Aliyebeba mtoto huwaza mara mbili kabla ya kusimama."

Akamwinua mtoto polepole, akamnyooshea. Athmani akampokea mwanawe, akatazama huku na huku kana kwamba sakafu inasogea, kisha akaketi chini, hapo hapo sakafuni, katikati ya vitanda.